Mkopo wa nyumba wa USDA, na shemeji anayekuja

Kutoka: dada yenu wa Iowa

Shikamooni wakubwa. Kodi imetuchosha, tunatafuta nyumba kwenye mji mdogo nje kidogo ya tunapokaa. Afisa mikopo anasema kuna mkopo wa USDA, yaani Wizara ya Kilimo ya Marekani, usiotaka kianzio hata senti. Mimi USDA naijua kwenye trei za nyama! Ni kweli, au tunapigwa? Mimi na mume wangu wote tuna grini kadi, watoto wawili. Shemeji yangu wa Arusha viza imetoka, anakuja mwezi wa nane tukae naye. Nimtaje au ninyamaze?

Kutoka: kaka, niko likizo Moshi

Marahaba, mdogo wangu. Nakuandikia kutoka Kibosho kwa mama, nimekaa chini ya mparachichi maana ndipo mtandao unaposhika. Nimemsomea swali lako akacheka: "Wizara ya Kilimo inakopesha nyumba? Kwani wanalima nini huko?" Hamhitaji kulima. Tena shamba la biashara hawalitaki kabisa, wanataka nyumba mtakayoishi wenyewe.

Hupigwi. Fedha inatoa benki, serikali inaweka dhamana. Miaka 30, riba haibadiliki, na grini kadi inatosha. Ila ada ipo: 1% mwanzoni, wengi huiingiza ndani ya mkopo, halafu 0.35% kila mwaka. Kwa mkopo wa dola 200,000 ni dola 2,000 mwanzoni, kisha kama 58 kwa mwezi. Gharama za kufunga mkataba ni zako pia, au umbembeleze muuzaji azibebe.

Mkopo huu ni wa nyumba za "kijijini", ila usiwazie kijiji cha Rombo. Mji wetu una supamaketi na taa za barabarani, na unakubalika. Usiulize kaunti, ingiza anwani ya nyumba yenyewe kwenye ramani ya USDA. Ndani ya kaunti hiyohiyo nyumba moja inapita, nyingine inakataliwa.

Sasa shemeji, hapo ndipo mimi nilipokwama. Ukomo wa kipato ni 115% ya kipato cha kati cha eneo lenu, na hawaangalii mkopaji peke yake. Wanahesabu kila mtu mzima anayetarajiwa kuishi humo miezi 12 ijayo, hata kama jina lake halimo kwenye mkopo. Sisi tulikuwa wanne: mimi, mke, mtoto, na mdogo wangu aliyekuwa anapakia mizigo ghalani usiku. Nilidhani mshahara wake ni wake. Afisa akaniuliza, "Huyu anayelala chumba cha pili ni nani?" Nikasema mdogo wangu. Akaomba hati zake za mshahara, akajumlisha, tukavuka ukomo kwa dola mia chache tu. Mke wangu hakunisemesha hadi kesho yake.

Kilichotuokoa ni mtoto wa pili. Ukomo ni mmoja kwa kaya ya watu 1 hadi 4, halafu unapanda kwa kaya ya 5 hadi 8. Alipozaliwa tukawa watano, tukaomba upya, tukapita.

Kwa hiyo mtaje. Ninyi wanne, yeye wa tano, anawapandisha ngazi. Akifika hana kazi, hana cha kuongeza. Akiipata kabla hamjasaini mkopo, mshahara wake unaingia, lakini mtaupima kwa ukomo mkubwa zaidi. Ukimficha, ni kusaini uongo kwenye karatasi za serikali, na wewe unataka uraia kesho.

Kutoka: mama wa Minnesota

Mwanangu, sikiliza ya kaka yako, na mimi naongeza moja: upatu. Zamu yangu ilifika, nikaweka dola 4,000 benki kwa mkupuo, wiki mbili kabla ya kuomba. Niliandika barua tatu kuwaeleza hela imetoka wapi. "Wanawake kumi tunachangiana" afisa hakuielewa kabisa. Kama zamu yako iko karibu, badilishana na mwenzio.

Kutoka: dada yenu wa Iowa

Asanteni sana. Zamu yangu ni mwezi ujao, nishampigia mwenzangu tubadilishane. Nyumba ya kwanza tuliyoipenda ramani imeikataa, ya pili imekubali, ina bafu moja tu. Shemeji anasema yeye ataoga usiku. Kaka, ukirudi niletee magadi nusu kilo.

Kutoka: kaka, Moshi

Unga mweupe kwenye begi, uwanja wa ndege? Nitakuletea kahawa.