Mimi na wanangu ndo mnada wa Pugu?!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, vyombo bado viko kwenye maboksi na sufuria ya wali siioni. Mods msiuhamishe uzi huu, kuhamishwa kwangu mimi kunatosha.

Mume wangu kapata uhamisho, tumetoka Songea tumeletwa Dar. Kambi siitaji, wenye akili mmeelewa, ndege zinapita juu ya bati. Tumeshuka mlima Kitonga usiku na lori, mtoto anatapika, jogoo anawika saa nane, dereva anasema breki "zinasikilizia". Tumefika asubuhi hatuna hali. Hapo ndo akatokea yeye. Mnamjua. Aliyewahi kukaa kota anamjua, hata kama kambi tofauti. Yule wa kanga kiunoni na simu mbili, anayeujua mshahara wa mumeo kabla yako.

Hajasalimia. Hata pole na safari hakuna. Kainua turubai kwa vidole viwili kama anatambua maiti, kaangalia magunia yangu ya mahindi, kinu, mablanketi, jogoo. Halafu kwa sauti ya paredi: "Jamani, mnada wa Pugu umehamia huku?"

Kota nzima ikacheka. NZIMA. Vijana wa kushusha mzigo wakaweka kabati chini ili wacheke vizuri. Hadi jogoo akanyamaza.

Mnada wa Pugu! Pugu wanauza ng'ombe, sasa hapo ng'ombe ni nani? Na mume wangu yupo pembeni, tepe tatu mkononi, anakagua matairi ya lori. Matairi!

Eti na mablanketi, "mnayapeleka wapi na joto hili?" Dada, Songea mwezi wa saba unalala na sweta na soksi, wewe umekulia kwenye feni. Mahindi yale nimelima mwenyewe, yeye anapimiwa unga kilo kilo dukani halafu anacheka gunia. Cheo cha mumewe, saluti anataka yeye. Jioni bombani ndoo yangu kaisogeza kwa mguu. Kwa mguu! Hilo nalisamehe, ninachosema mimi ni MNADA. Nikifumba macho nasikia mnada.

Mzee wa Tepe: Picha ya jogoo iko wapi? Bila picha hii ni chai.

Binti Ruvuma: Pole dada. Huyo nilikuwa naye Tabora, mimi aliniita tenga la nyanya.

Mtoa mada: Huyo huyo! Ana mwanya?

Binti Ruvuma: Hana. Ana jino la dhahabu.

Kapelo: Kwa hiyo ni watu wawili tofauti. Endeleeni.

Mkwezi: Ila shemeji na wewe, jogoo mpaka Dar? Ulidhani huku hatuna saa?

Mpangaji Sugu: Mna kota ya serikali mnalia. Njooni uraiani. Mwenye nyumba kodi ya miezi sita kwa mpigo, dalali ya mwezi mmoja mfukoni mwake, na LUKU tunachangia nyumba nzima. Jirani ana friji mbili, mimi nina taa, tunalipa sawa.

Fundi Feni: Huyo wa friji anauza barafu?

Mpangaji Sugu: Barafu, maji ya kandoro, juisi ya ukwaju. Nikiongea naambiwa nina wivu.

Mama Wawili: Afadhali LUKU. Mimi uhamisho umenikuta mtoto yupo la saba, kashasajiliwa mtihani kule kule. Baba kaenda kuripoti, sisi tumebaki kwa shangazi mpaka amalize. Shangazi mwenyewe anahesabu sukari.

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye mada. MNADA.

Kapelo: Mada ipi? Hayo mahindi debe bei gani?

Mtoa mada: Siuzi!!

Binti Ruvuma: Mahindi ya Songea? Niwekee gunia. Unaleta mpaka Gongo la Mboto?

Mkwezi: Na jogoo je, ana kilo ngapi?

Mpangaji Sugu: Dalali kanipigia sasa hivi. Eti chumba kipo Chanika, "karibu kabisa na lami". Anayeijua hiyo lami anisaidie.

Fundi Feni: Unashuka, unachukua boda buku mbili. Mvua ikinyesha usiulize.