Nataka kutengeneza filamu fupi kuhusu sisi wakusanyaji wa visu, nianzie wapi watu waache kutuona wahuni?

Makali_Taratibu (mtoa mada):
Habari zenu wakuu. Mi nakusanya visu mwaka wa 11 sasa, nipo Dar, ninavyo 43 kwenye kabati la kioo lenye kufuli. Mwezi uliopita fundi bomba alikuja kuziba bomba la jikoni akaliona lile kabati, akanyamaza kimya, jioni yake mjumbe akagonga mlango na wazee wawili wanataka kujua silaha zote hizi ni za nini. Nikawatolea kimoja kimoja nikawaeleza, wakaondoka kwa amani, lakini mke wangu mpaka leo akienda dukani anaona watu wanamwangalia. Imeniuma sana. Nawaelewa pia, mtaa wetu tumepitia panya road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, mtu akiona kitu chenye makali anakumbuka usiku ule.

Sasa nina kamera ya kuazima na jamaa yangu anajua kuedit, nataka kitu cha dakika 15 hivi. Mwanzo nimeshauandika: nasimama mbele ya kabati taa zimezimwa, natoa sime ya Kimasai, naizungusha kwenye mwanga mdogo na muziki mzito. Mnaonaje? Na vibali vikoje?

Shoti_Moja:
Mkuu huo mwanzo futa kabisa. Kisu kinazungushwa gizani na muziki mzito, hiyo ni shoti ya mauaji, mtazamaji kaizoea toka utotoni, kwa hiyo hata ukija kuongea maneno mazuri dakika ya tatu yeye ameshaamua. Marekani miaka ya 1950 filamu za vijana watukutu zilijaa visu vya kufyatua mpaka watu wakavihofia kuliko kitu chochote, 1958 ikatoka sheria ya nchi nzima kuzuia biashara yake kati ya jimbo na jimbo. Sisemi ni filamu peke yake, ila zilichangia pakubwa.

Shuti mchana, dirisha wazi. Ncha isielekee kwenye lenzi hata mara moja. Maiki isogeze karibu na jiwe la kunolea, ile sauti ikirekodiwa vizuri muziki hauhitaji.

Mama Sele:
Kaka mi nitasema ukweli. Mdogo wangu alikatwa panga na vibaka, mkono wa kulia mpaka leo hawezi kubeba ndoo. Sikuchukii wala sikuoni mhuni, lakini filamu yako ikijifanya hayo mambo hayapo mi nazima hapo hapo, na wengi wenye majeraha kama yetu watazima. Sema kwamba unajua. Ikiwezekana mtafute mtu aliyeumizwa aongee, usimkatishe.

Mpemba wa Maskati:
Assalaam alaykum. Huku Omani khanjari, yaani jambia lililopinda, iko kwenye bendera, na 2022 UNESCO waliuingiza ufundi wake na desturi zake kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Siku ya Idi au harusi utaona mtu kaifunga kiunoni juu ya kanzu na mtoto mdogo kamshika mkono, na mtoto haogopi kwa sababu kaizoea kwa babake. Wewe unataka kuzionesha kabatini peke yake, hazina mtu. Hiyo sime mpelekee mzee wa Kimasai akueleze kwa nini imechongoka nyembamba huku kwenye mpini halafu inapanuka kuelekea nchani, na ile ala ya ngozi nyekundu inashonwaje. Yeye ndo aongee, wewe sikiliza.

Omuhaya_01:
Naunga mkono, na usisahau wafua chuma. 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science kuhusu wazee wa huku Kagera waliojenga upya tanuri la asili, kwamba karibu miaka 2,000 iliyopita watu wa huku walikuwa wanapata chuma cha pua (steel) kwa kuipasha hewa moto ndani ya mirija ya udongo kabla haijafika kwenye mkaa. Halafu leo kijana wa hapa hapa anadhani kisu cha maana lazima kitoke Solingen, ule mji wa visu Ujerumani. Mi hilo linaniumiza kuliko la mjumbe.

Karani_Mstaafu:
Vibali: Bodi ya Filamu, unaomba kabla ya kushuti na mswada wako mkononi, ukimaliza inakaguliwa na kupewa daraja. Usizunguke na visu kwenye begi la mgongoni kwenda eneo la kushuti bila kutoa taarifa serikali ya mtaa na polisi, hapo utaharibu yote. Ikitoka nzuri ipeleke ZIFF, lile tamasha la filamu Zanzibar.

Shoti_Moja:
Swali mkuu, kisu chako cha kwanza kabisa ni kipi?

Makali_Taratibu:
Dada Mama Sele nimesoma ujumbe wako mara tatu, nimekutumia PM, na pole sana kwa mdogo wako.

Shoti_Moja umenigusa. Cha kwanza ni cha mama, kisu cha jikoni, mhunzi wa Tanga alikifua kutoka kwenye springi ya gari. Mama alikuwa anauza mihogo ya kukaanga, kila alfajiri anakinoa kwenye ukingo wa jiwe la mlangoni, miaka na miaka, mpaka ubapa wa kisu umelika umebaki mwembamba kama jani la muhogo na mpini una shimo la kidole gumba chake. Nilipoanza kazi nikamnunulia kipya, kile nikakiomba. Kipo rafu ya juu peke yake na sijawahi kumuonesha mtu, hata mjumbe sikumuonesha, nilimtolea vile vinavyong'aa.

Shoti_Moja:
Mama yupo?

Makali_Taratibu:
Yupo, Tanga. Jumamosi nampelekea kile kisu na jiko la mihogo, kibali kikitoka narudi na kamera. Maiki ya kubana kwenye nguo inayostahimili upepo wa baharini Kariakoo naipata?

Shoti_Moja:
Unapata. Chukua na kile kifuniko cha manyoya, na mwache anoe mpaka amalize, usikate shoti.