Watu wa ijieni Lubumbashi: faini za vyoo mnakusanya, kisima mnakipita

Wapapa na wamama wa Lubumbashi, leo nimechoka kunyamaza.

Wiki hii watu wa ijieni, yaani wakaguzi wa usafi na afya, wa komini yetu wamepita tena kwenye avenyu. Wawili wenye madaftari, na kijana wa kartiye mbele anawagongea mageti. Kwetu waliingia hadi uani, mkubwa wao akausukuma mlango wa choo kwa ncha ya kiatu, akachungulia, akaandika: shimo halina kifuniko, faini. Kisima chetu kiko palepale, hatua chache tu, upande wa chini wa mteremko. Ilibidi azunguke ndoo yenye kamba ili apite kurudi getini, na macho yake hayakushuka hata mara moja kuangalia mdomo wa kile kisima. Nikamwuliza, "Papa, na kisima?" Akasema, "Hicho si cha leo."

Kama si cha leo, ni cha lini? Mvua imeanza. Kila aliyekulia mji huu anajua visima vyetu vinavyofanya. Mwezi wa tisa unavuta kamba hadi viganja viwake moto, ikifika mwezi wa pili maji unayaona ukiwa umesimama. Maji hayo yanayopanda hayachagui shimo. Yanaingia chini ya choo, yanachukua yanachokikuta, yanarudi kisimani, na asubuhi mtoto anateka. Kipindupindu hakiombi zaidi ya hapo. Kuanzia saa chache tu hadi siku tano baada ya kunywa, mtu anaweza kuanza kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, na akichelewa kurudishiwa maji na chumvi mwilini anaweza kufa siku hiyohiyo. Hatari iko kisimani. Faini iko kwenye mlango wa choo. Mnieleze.

Halafu kuna ile kanuni wanayotusomea kila mwaka: choo kikae mita 30 kutoka kisima. Kanuni yenyewe si mbaya, na wenye kazi ya maji na vyoo nchi nyingi wanaifuata. Lakini parseli yetu, kiwanja chetu chote, ni mita 15 kwa 20. Chukueni kamba mpime kutoka kona hadi kona ya mshazari: mnapata mita 25. Maana yake hata nikichimba kisima kona hii na choo kona ile, bado nina kosa. Na hapo sijataja choo cha jirani, ambacho kimegusa ukuta wetu na hakinihusu kisheria ila maji yake nayanywa. Avenyu nzima ina kosa, mwaka mzima, na hakuna anayeweza kulirekebisha. Mkaguzi analijua hilo vizuri kabisa. Ndiyo maana hana haraka ya kuona kitu kikitengenezwa: kosa lisiloisha ni mapato yasiyoisha.

Na yapo mengi yanayowezekana hata kwenye parseli ndogo. Kuinua mdomo wa kisima juu ya ardhi, kukisakafia pembeni ili maji machafu yasirudi ndani, kukifunika, kuwa na ndoo moja tu ya kutekea isiyowekwa chini kwenye matope. Choo kisichimbwe kirefu kama kisima. Sakafu ya shimo ibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na pale maji yanapokuwa karibu, choo kijengwe kimeinuliwa. Mkaguzi anaweza kupima haya kwa kamba yenye jiwe. Klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji, nayo ina kipimo kidogo cha plastiki: unatia maji, unatia kidonge, yakigeuka waridi klorini imo, yakibaki bila rangi haimo. Kinaingia mfukoni. Mimi katika mifuko ya hawa watu sijawahi kukiona.

Sokoni ni yaleyale. Mama mmoja anayeuza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, karibu na njia yetu alitozwa kwa sababu meza yake haina kitambaa. Kitambaa! Yeyote aliyewahi kutengeneza munkoyo anajua uji wa mahindi unachemka vizuri, lakini mizizi inalowekwa pembeni na maji yake yanaongezwa baadaye, uji ukishapoa. Swali la mtu wa afya lilipaswa kuwa moja: mama, maji ya kulowekea umeyatoa wapi, umeyachemsha? Hakuulizwa. Alitoa franka alizokuwa ameshika kwa ajili ya unga, akapewa kipande cha karatasi kisicho na muhuri. Malipo ya serikali yana njia yake: unaandikiwa noti ya kulipia, unapeleka pesa benki, unarudi na uthibitisho. Pesa inayopokelewa getini kwa mkono haijafika serikalini, na hakuna kisima itakachokifunika.

Najua mtakaonijibu kwamba hawa nao hawalipwi, wanaishi kwa wanachokiokota barabarani. Ni kweli, wengi wao mshahara hawauoni, na hiyo ni aibu ya waliowaajiri. Lakini mama wa munkoyo naye hana mshahara, na yeye hajaingia uani kwa mtu kudai. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji safi imehakikishwa. Robine, bomba la maji, ingekuwa inatoa maji kwetu, nani angechimba?

Ninachotaka ni hiki. Mkaguzi akiingia kwangu aanzie kisimani. Apime kina cha maji na kina cha choo, aandike vyote viwili, aniachie nakala inayosema nitengeneze nini na kufikia lini, kisha arudi kuangalia. Nikikaidi, anitoze, na nitalipa benki.

Ninyi wa komini nyingine, kwenu wanaangalia kisima au ni mlango wa choo tu? Wenye vile vikaratasi visivyo na muhuri wekeni picha hapa, mfunike majina na namba za parseli. Nataka tuvichapishe vyote tumpelekee bulgumesta, mkuu wa komini, pamoja, kabla ya mwezi wa pili.