Mshipi wa risasi kwa sangara: niachie rangi ngapi?

KijanaWaKigungu

Habari za jioni, wazee wa Ziwa Victoria. Nina boti hapa Kigungu, Entebbe, injini ya hospawa 25, na kazi yangu ni kupeleka wageni kuvua kwa fimbo. Shemeji yangu anaishi Mississippi, Marekani. Kule wakati wa joto huvua samaki wanaoitwa krapi kwa kukokota samaki bandia nyuma ya boti, na mshipi wake una waya wa risasi ndani ili uzame. Mwezi uliopita alinitumia rili moja ya mshipi huo na samaki bandia sita.

Kabla ya hapo nilikuwa nafunga chubwi la gramu 200 mbele ya chambo. Mshipi ulijisokota vibaya, na siku moja karibu na miamba nilipoteza samaki bandia watatu. Iliniuma sana, kwa sababu pesa yenyewe ilikuwa ya mafuta ya kesho yake.

Mshipi huu mpya unabadilika rangi kila baada ya hatua fulani. Rangi moja inashuka kiasi gani? Niende mwendo gani? Na je, utamweza sangara?

MvuviKatosi

Kijana, sangara anataka nkejje, yule furu mdogo, aliye hai. Mimi sijawahi kumpata kwa plastiki. Lakini subiri wa Jinja waamke, wao ndio wanaokokota.

NahodhaMasese

Ndugu wa Kigungu, pole kwa hao watatu. Niko Masese, hapa Jinja, mwaka wa kumi na tisa sasa. Zamani nilikuwa wa migonzo, ile mishipi mirefu ya ndoana nyingi, na mshipi wa risasi niliujua pale mgeni mmoja aliponiachia wake. Naupenda kuliko chubwi kwa sababu uzito wake umeenea mshipi mzima, haukukaa donge moja mbele ya chambo, kwa hiyo samaki bandia anabaki huru kutikisika.

Rangi moja ni yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ukienda pole, kama kilomita 3 kwa saa, mwendo wa mama aliyejitwika ndoo ya maji, kila rangi hushuka karibu mita moja na nusu. Juu ya hapo ongeza kina anachozama samaki bandia mwenyewe kwa ule mdomo wake wa plastiki. Ukikaza mwendo, vyote vinapanda.

Lakini usishike hesabu yangu, pima ya kwako. Mimi hutafuta mahali pa tope tupu, kina nakijua, tuseme mita 8. Naachia rangi mbili na kuitazama ncha ya fimbo. Inatetemeka, tetemeko dogo la haraka lisilokoma. Ujue samaki bandia anaogelea vizuri. Naongeza nusu rangi, naongeza nusu nyingine, mpaka ncha inaanza kuinama na kuachia, kuinama na kuachia. Amegusa chini. Ukimtoa utakuta tope limeganda kwenye mdomo wake. Hapo naandika kwenye daftari: samaki yule wa kijani, mwendo ule, rangi tatu na nusu, mita 8. Daftari hilo silitoi kwenye boti.

Na ncha ikinyamaza ilhali boti inakwenda, toa mshipi hapo hapo. Ni jani la gugumaji limenasa kwenye ndoana, na samaki hatagusa chambo chenye majani.

Kuhusu kina: wakati wa joto mabwawa ya kwa shemeji yako hujigawa matabaka, maji ya chini yanakosa hewa, krapi wanakaa katikati. Ziwa letu lina tabia hiyo hiyo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, sehemu zenye kina kirefu hukosa hewa huko chini, na sangara ni samaki anayetaka hewa nyingi. Ikifika Juni na Julai, upepo wa kusini-mashariki unalikoroga ziwa lote, naye anaweza kuwa popote. Kwa hiyo usikimbilie chini kila mara. Pitisha chambo juu yake kidogo. Kupanda atapanda kukifuata. Kushuka ni shida.

Sasa jambo linalonitia wasiwasi. Hao samaki bandia wako ni wa krapi. Krapi wengi hawafiki kilo moja, na mdomo wao ni laini, unachanika upesi, ndiyo maana ndoana zao ni nyembamba. Mwaka juzi nilimkosa sangara mkubwa mbele ya mgeni aliyetoka mbali. Ndoana ilirudi imenyooka kama sindano, gamba moja limebaki juu yake. Nililishika gamba lile mpaka tukafika mwaloni. Badilisha ndoana zote, na vile vipete vinavyozishikilia pia. Soma na boksi la mshipi: mwingi hukatika kwa ratili 18, kilo 8 hivi. Tafuta wa ratili 27 au zaidi, na breki ya rili usiikaze sana. Mbele funga mita 3 za nailoni nene, maana kifuniko cha matamvua ya sangara kinakata.

Kwenye Nile pale chini ya maporomoko ya Murchison usiende nao. Mkondo una nguvu na mawe ni mengi.

Akiwa chini ya sentimita 50 mrudishe, ndiyo sheria. Mpandishe taratibu, kwa sababu akitoka chini upesi bondo lake, ule mfuko wa hewa tumboni tunaouita nuni, linatanuka na hawezi kuzama tena.

KijanaWaKigungu

Asante sana, ssebo. Nimetoka majini jana. Nilibadilisha ndoana, nikapima juu ya tope kama ulivyosema, ikatoka rangi nne kwa mita 9. Asubuhi yote kimya. Halafu nilipokata kona kushoto, fimbo ya kushoto ikainama yenyewe. Sentimita 74! Mgeni wangu alipiga kelele mpaka watu wa mtumbwi wa jirani wakasimama kutazama. Kwa nini kwenye kona?

NahodhaMasese

Hongera, kijana wangu! Ukikata kona, mshipi wa ndani unapunguza mwendo na kuzama, wa nje unakaza na kupanda. Yeye amekula wa ndani, basi alikuwa chini zaidi au alitaka polepole. Kesho punguza mwendo kwanza. Kukiwa bado kimya, ndipo uongeze nusu rangi.

Na leo kabla hujalala, upitishe mshipi wote kati ya vidole. Ukisikia mahali pamekunjika au pamekuwa laini, risasi imekatika ndani. Kata hapo, unga upya.