Mrejesho: Nimepata kanisa Moshi

Wapendwa, niliuliza nitapataje kanisa baada ya kutoka kanisa la zamani, kule ambako mtumishi alitaka kujua mshahara wangu na kunichagulia mchumba. Asanteni sana. Aliyeshauri niulize kwanza nani anasimamia fedha, Mungu ambariki.

Sasa nasali usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), Dayosisi ya Kaskazini. Wazee wa kanisa wanachaguliwa, mapato na matumizi yanasomwa mbele ya washarika, na mchungaji akihamishwa kanisa linabaki. Hilo la kuhamishwa limenituliza kuliko yote; kule kila kitu kilikuwa cha mtu mmoja. Nikikosa ibada, mama wa jumuiya ananipigia kujua kama naumwa, hanitishii laana. Kwaya bado sijajiunga.

Mdogo wangu angali kule. Mwombeeni.