Acheni kutulisha matango pori: "delete" haina undugu na "letter"

Wakuu, kuna bandiko linasambazwa kila kukicha kwenye magrupu, eti neno la Kiingereza "delete" ni "de" ya kuondoa ukiiunganisha na "letter", yaani kuondoa herufi. Watu wazima na akili zao wanajibu "ahsante mwalimu" na kulipeleka mbele. Ni uongo, tena uongo wa kivivu, maana kamusi yoyote ya Kiingereza inayoonyesha asili za maneno inaumaliza kwa mstari mmoja.

Twende taratibu. Hiyo R ya "letter" imeenda wapi? Halafu herufi kwa Kilatini ni "littera", i fupi na t mbili. "Delete" imetoka kwenye "deletus", e zote mbili ndefu, t moja. Kiingereza kilibeba maneno ya aina hii kwa kukata mkia wa -us na kuweka e: completus ikawa complete, deletus ikawa delete. "Deletus" ni kilichofutwa au kilichoangamizwa, kutoka kitenzi "delere". Ndiyo, kuangamiza. Ile kauli maarufu ya Cato, mwanasiasa wa Roma, kwamba Carthago, mji hasimu wa Roma huko Afrika Kaskazini, lazima iondolewe duniani inatumia kitenzi hikihiki, "delenda". Mji ukabomolewa mwaka 146 KK. Hakuna herufi iliyoondolewa pale.

Na "delere" nayo? Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba ilichipuka kwenye "delevi", umbo la wakati uliopita la "delinere". "Linere" ni kupaka, "de" ni kuondoa. Yaani kupangusa kilichopakwa. Hapo Mswahili alitakiwa ashtuke, kwa sababu "futa" yetu inatembea njia ileile: unafuta vumbi, unafuta ubao, kisha unafuta kesi na leseni.

Kupangusa huko si mafumbo. Wino wa Warumi ulikuwa masizi, gundi ya mti na maji. Haukuzama sana kwenye papirasi, ile karatasi ya mafunjo, kwa hiyo sponji yenye maji iliuondoa. Kwenye kibao cha nta uligeuza kalamu ukailaza nta kwa upande bapa. Shida ilikuja na wino wa chuma na tanini ya mimea juu ya ngozi ya mnyama ya kuandikia: huo unang'ata, sponji haiuwezi, inabidi ukwangue kwa kisu. Hapo ndipo penye "erase", kutoka "radere", kukwangua, ndugu wa "razor". Ukikwangua kidogo, maandishi ya zamani yanabaki kama kivuli. Ukizidisha, ngozi inatoboka.

Neno lenye herufi tumboni lipo, ila ni jingine kabisa: "obliterate", yaani "ob" na "littera". Mwandishi wa bandiko amechanganya mafaili.

Kuna na wajuaji wanaoleta "deleterious", chenye madhara. Hapana. Hiyo ni ya Kigiriki, imefanana sura tu. Ndugu wa damu wa "delete" ni "indelible", isiyofutika, kama ule wino wa kuchovya kidole siku ya kura. Ndani yake mna nitrati ya fedha, inayoingia kwenye tabaka la juu la ngozi na kugeuka nyeusi ikipigwa na mwanga, ndiyo maana sabuni haifui dafu. Unasubiri ngozi yenyewe ijivue.

NYONGEZA: Mnaouliza kuhusu kitufe cha Delete na kudai kwamba angalau hapo kinaondoa herufi. Kwenye msimbo wa ASCII, yaani orodha ya namba ambazo kompyuta hutumia kuwakilisha herufi, namba yake ni 127, yaani biti zote saba (zile tarakimu za 0 na 1) ni 1. Mnajua kwa nini? Enzi za utepe wa karatasi, ambao mashine iliusoma kwa matundu, tundu lilimaanisha 1, na likishatobolewa halizibiki. Ukikosea, unarudisha utepe nyuma nafasi moja na kutoboa matundu yote saba juu ya kosa, na mashine ikifika hapo inaruka. Kwa hiyo hata hapo herufi haikuondolewa, iliongezewa matundu mpaka ikakosa maana. Sasa mwenye bandiko lake alifute, na asitumie kisu.