Naomba ushauri: mtu wa tiba ya mionzi naweza kwenda mafunzo ya ulinzi wa nyuklia?

Fizikia_Tiba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni mwanafizikia tiba, niko kitengo cha saratani kwenye hospitali ya umma. Nchi yetu haina kinu cha umeme wa nyuklia na sidhani kama tutakijenga karibuni. Tuna mashine ya kobalti-60 tu, ile ya kutibu saratani kwa mionzi. [Hapa nimefuta sentensi mbili, sababu iko chini.]

Nimeona tangazo la shule ya ulinzi wa nyuklia (kuzuia vitu vya mionzi visiibwe au kutumiwa vibaya) inayoandaliwa na IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, pamoja na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kule Trieste, Italia, wiki mbili, kwa wataalamu vijana wa nchi zinazoendelea. Kwanza, haya mambo si ya wanajeshi na watu wa vinu? Pili, mkuu wa kitengo anasema lazima jina lipitie wizarani, na jamaa niliyesoma naye anasema "jaza fomu mwenyewe, utachelewa". Nimfuate nani? Tatu, nikirudi nitakuwa na nini cha maana zaidi ya cheti? Naomba kuwasilisha.

Kidhibiti

Mimi niko upande wa udhibiti wa mionzi, nianze na la kwanza. IAEA hupanga vyanzo vya mionzi katika makundi matano kwa hatari yake, na kobalti ya mashine kama yenu ni kundi la 1, juu kabisa. Nchi nyingi zinazoendelea hazina urani ya kulinda, ila zina hospitali, viwanda, na mafundi wanaopiga picha mabomba kwa iridiamu-192, chanzo kingine cha mionzi. Huko ndiko kazi iliko.

Desemba 2013 kule Mexico, lori lililobeba kobalti-60 ya hospitali likielekea kwenye ghala la taka za mionzi liliporwa njiani. Kwa kila dalili wezi walilitaka lori, hawakujua limebeba nini. Na Goiânia, Brazili, mwaka 1987, chanzo cha sesiamu-137 kilichoachwa kwenye kliniki iliyohama kilichukuliwa na waokota vyuma, kikavunjwa, na unga wake unaong'aa buluu ukapita mikono ya ndugu na majirani. Watu 4 walifariki, 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na wapatao 112,000 ikabidi wapimwe. Hakuna kinu hapo wala mwanajeshi. Mlengwa ni wewe hasa.

Halafu kaka, hariri bandiko lako. Habari za chumba kipi kina nini na nani ana funguo haziandikwi mtandaoni. Kulinda taarifa ni sehemu kubwa ya hilo somo unalotaka kwenda kusoma.

Fizikia_Tiba

Nimefuta. Asante mkuu.

Chuma_Ulete

Safari za posho hizo. Kila mwaka anaenda yule yule wa utawala ambaye hajawahi kushika hata kipima mionzi. Anarudi na begi lenye nembo na picha mbele ya jengo, faili linafungwa. Usijichoshe.

Bi_Iridiamu

Chuma_Ulete hajasema uongo, lakini wenye kazi zao wakisusa, huyo wa begi ataendelea kwenda.

Sasa la pili. Bosi wako na rafiki yako wote wako sawa, kila mmoja anazungumzia mlango wake. Kozi nyingi za IAEA yenyewe, zikiwemo za kituo chake cha mafunzo ya ulinzi pale Seibersdorf, kusini mwa Vienna, kilichofunguliwa Oktoba 2023, washiriki hupendekezwa na serikali zao. Bila barua ya mamlaka husika, hata uwe na shahada tatu jina halifiki. Shule ya Trieste maombi huingia kwenye tovuti ya ICTP na unajaza mwenyewe. ICTP ilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani, kwa kuwafikiria wanasayansi wa nchi zetu. Ada ya kushiriki hakuna, na waliochaguliwa kutoka nchi zinazoendelea wanaweza kusaidiwa nauli na malazi. Soma tangazo la mwaka wenyewe neno kwa neno, hasa upande wa barua za kuambatanisha. Na hata ukijaza mwenyewe mwambie bosi, maana ruhusa ya kazini utaipata kwa nani mwingine?

Unapongoja, fungua akaunti ya NUCLEUS, tovuti ya huduma za IAEA, usome moduli zao za ulinzi wa nyuklia kwa mtandao, bure. Miongozo yao nayo hupakuliwa bure.

Mzee_wa_Kengele

La tatu niachieni mimi. Nilipita kozi ya Sandia, maabara ya taifa kule Albuquerque, Marekani, ile inayofundishwa tangu 1978. Kama unawaza mabunduki, sahau. Unachojifunza ni kupima ulinzi kwa saa.

Ulinzi una kazi tatu: kugundua, kuchelewesha, kukabili. Tuseme mwizi anahitaji dakika 12 kutoka uzioni hadi akiondoka na mzigo, na polisi wanafika dakika 15 baada ya kengele kulia. Ukiweka kitambuzi uzioni, umeshindwa kwa dakika tatu. Ukikiweka mlango wa mwisho, umeshindwa vibaya zaidi. Ama uongeze vizuizi kati ya kitambuzi na chanzo, ama ukae na polisi mpunguze muda wa kufika. Mlango mzito uliokaa nje ya kitambuzi haukupi hata sekunde, kwa sababu mwizi anauvunja kwa raha zake kabla kengele haijalia. Na kamera, ambayo ndiyo kitu cha kwanza kila hospitali hununua, kama hakuna anayeitazama haijagundua chochote. Itakupa sinema ya wizi kesho yake.

Hesabu hiyo ukimwekea mganga mkuu mezani, atakuelewa upesi kuliko ukimwonyesha cheti.

Kigumu zaidi ni mtu wa ndani, mwenzako mwenye kibali halali na madeni yasiyolala. Hapo kitambuzi hakikusaidii. Ndiyo maana hata watu wa utumishi na rasilimali watu wanahitajika kwenye mafunzo haya.

Chuma_Ulete

Hili la dakika sikulijua. Endelea mzee.

Dada_Isotopu

Samahani kuingilia uzi. Mimi nataka shahada ya uzamili kabisa, si kozi fupi. Kuna msaada?

Bi_Iridiamu

Upo, mdogo wangu. IAEA ina ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie tangu 2020, kwa wanawake tu, na ulinzi wa nyuklia umo kwenye fani zake. Ni hadi euro 10,000 kwa mwaka za ada na hadi 10,000 za kujikimu, kwa miaka isiyozidi miwili. Ila chuo unatafuta mwenyewe, anza na hicho.

Fizikia_Tiba

Shukrani wote. Rasimu ya maelezo yangu inaanza hivi: "Nina shauku kubwa ya kujifunza ulinzi wa nyuklia ili nichangie amani na usalama wa dunia." Mnaonaje?

Kidhibiti

Futa yote. Shauku kila mwombaji anayo, na amani ya dunia waachie mabalozi. Sema unasimamia chanzo cha kundi la 1, bila kutaja kilipo wala kilivyofungwa. Sema ni nani utamfundisha ukirudi: walinzi wa getini, mafundi, wasafishaji wanaoingia kile chumba kila asubuhi. Barua ya mwajiri nayo itaje jukumu utakalokabidhiwa, isiishie kwenye "hatuna pingamizi".

Mzee_wa_Kengele

Na viza ya Schengen inadai bima ya afya isiyopungua euro 30,000, kwa hiyo uliza mapema kama waandaaji wanaibeba au unajikatia. Tarehe ya mwisho ya pasipoti itazame leo.